Maisha ya Mtakatifu Lioba, Abesi na Mwalimu



Siku za yubile ni siku za kuhesabu. Twahesabu miaka, twahesabu wabatizwa, twataja kwa heshima majina ya wamisionari waliotangulia na ya wakatekista waliotembea kwa miguu toka kijiji hata kijiji. Hesabu hiyo ni ya haki, kwa maana asiyejua alikotoka hajui aendako. Walakini iko kazi moja ambayo ni vigumu kuihesabu, nayo ndiyo iliyoshikilia nyumba nzima: kazi ya wale waliokaa chini pamoja na watoto, wakawafundisha herufi, sala na adabu, siku kwa siku, mwaka kwa mwaka. Mhubiri hupanda mbegu. Mwalimu hukaa nayo mpaka itie mizizi.

Ili tulione neno hilo vema, tumeona yafaa kuandika hapa maisha ya mtakatifu mmoja ambaye jina lake halisikiki sana kwetu, ingawa Eklezia humkumbuka kila mwaka tarehe 28 Septemba. Ndiye Mtakatifu Lioba. Aliishi miaka zaidi ya 1.200 iliyopita. Aliondoka kwao Uingereza, akavuka bahari, akawa mama mkubwa wa monasteri, ndiye aitwaye abesi, katika nchi ya Ujerumani ambako Injili ilikuwa ingali changa. Hakurudi kwao tena.

Habari zake twazipata kwa Rudolf, mmonaki wa Fulda, aliyeziandika karibu mwaka 836 kwa amri ya abati wake Hrabanus Maurus. Rudolf hakumwona Lioba kwa macho yake. Lakini padri mmoja, jina lake Mago, alikuwa amewauliza wanafunzi wanne wa Lioba, ndio Agatha, Thecla, Nana na Eoloba, akaandika kwa kifupi yale waliyomwambia. Rudolf akayakusanya na kuyapanga. Basi mengi tusomayo leo yalitoka vinywani mwa wanawake waliosali naye na kula naye meza moja. Tena barua moja aliyoitunga Lioba mwenyewe imehifadhiwa mpaka leo kati ya barua za Mtakatifu Boniface.

I. Kengele kifuani mwa mama

Lioba alizaliwa karibu mwaka 710 katika ufalme wa Wessex, kusini-magharibi mwa Uingereza. Baba yake aliitwa Dynne, na mama yake Aebbe. Wote wawili walikuwa watu wa ukoo bora na wenye kumcha Mungu, lakini walikaa miaka mingi bila mtoto, wakaanza kuzeeka katika huzuni ile ambayo jamaa nyingi waijua. Ndipo usiku mmoja Aebbe akaota ndoto. Aliona kengele ya kanisa kifuani mwake. Alipotia mkono kuitoa, ikalia kwa sauti ya furaha. Kulipokucha alimwita mlezi wake, mama mzee aliyekuwa mtumwa wa nyumba ile. Mama huyo akamfumbulia ndoto: utazaa binti, nawe sharti umtolee Mungu tangu utoto wake, kama vile Anna alivyomtolea Samweli.

Yakawa hivyo. Mtoto alipozaliwa, Aebbe alimpa yule mama mzee uhuru wake. Yafaa tulikumbuke jambo hilo: kabla mtoto huyu hajajua kusema neno, kuzaliwa kwake kulikuwa kumekwisha kumfungulia mtu mmoja vifungo vya utumwa. Wakampa jina la Thrutgeba, na jina la pili Leobgytha, ambalo watu walilifupisha wakasema Lioba, maana yake Mpendwa.

II. Malezi ya Wimborne

Lioba alipokua, mama yake alimpeleka katika monasteri ya Wimborne. Mahali hapo palikuwa na nyumba mbili za watawa, moja ya wanaume na moja ya wanawake, kila nyumba na ukuta wake mrefu na imara. Mwanamume hakuingia upande wa wanawake, isipokuwa padri aliyekuja kusoma Misa, naye alitoka mara ilipokwisha. Abesi aliyetawala siku zile aliitwa Tetta, dada ya mfalme. Alipohitaji kuagiza jambo la nje, alisema na watu kwa dirisha.

Watu wengine wangedhani kwamba mahali palipofungwa hivyo palikuwa pa giza. Sivyo. Ndani ya kuta zile wasichana walijifunza kusoma na kuandika Kilatini, walisoma Maandiko Matakatifu na vitabu vya Mababa wa Eklezia, walinakili vitabu kwa mkono, waliimba Zaburi usiku na mchana. Lioba alipenda vitabu kuliko mapambo. Alimtazama kila sista kwa bidii, akajifunza kwa huyu kiasi, kwa yule uchangamfu, kwa mwingine upole, kwa mwingine tena uvumilivu.

Katika habari za Tetta ambazo Lioba alipenda kuwasimulia wanafunzi wake baadaye, moja yatufaa sana. Kulikuwa na sista aliyewekwa juu ya watawa vijana kuwaongoza. Alikuwa na juhudi, lakini alikuwa mkali kupita kiasi, wala hakujua kupatana na wale aliowaumiza. Akafa bila kupatanishwa nao. Alipokwisha kuzikwa, vijana wakapanda juu ya kaburi lake, wakalikanyaga kwa hasira na kumlaani marehemu, hata udongo ukadidimia karibu nusu futi. Tetta alipoliona kaburi alishikwa na hofu. Aliwakusanya vijana wote, akawakaripia kwa ukatili wao, tena akawasihi wamsamehe mwenzao. Akawaagiza kufunga siku 3 na kumwombea kwa Zaburi na kukesha. Siku ya tatu wote waliingia kanisani, na Tetta akalala kifudifudi mbele ya altare akilia. Kadiri alivyosali, asema Rudolf, ndivyo udongo ulivyopanda, mpaka kaburi likawa sawa na nchi.

Twaona Lioba alichokipata katika habari hiyo. Alijifunza mapema kwamba mkubwa aweza kuwa na haki katika kila neno, na hata hivyo akaacha chuki nyuma yake. Watoto wetu huyasahau mafundisho mengi, lakini hawasahau namna walivyofundishwa.

III. Uzi usiokwisha

Usiku mmoja Lioba naye aliota. Aliona uzi wa rangi ya zambarau ukitoka kinywani mwake. Akaushika kwa mkono, akauvuta ili autoe wote, lakini kila alipovuta uzi ulizidi kutoka, kama kwamba shina lake li ndani kabisa mwa mwili. Akauzungusha mkononi ukawa donge kubwa, mpaka akachoka, na kwa kuchoka akaamka.

Alitaka kujua maana yake, lakini aliona haya. Katika monasteri alikuwamo sista mzee aliyejulikana kwa kipawa cha kutambua mambo ya mbele. Lioba akamtuma mwanafunzi mmoja amwulize, akijisingizia kwamba ndoto ni yake mwenyewe. Mzee hakudanganyika. Alijibu kwamba ndoto ni ya kweli, lakini mwenye kuiota ni Lioba, mpendwa wa Mungu. Uzi utokao ndani, alisema, ni hekima itokayo moyoni na kusemwa kwa kinywa. Kwa kuwa umejaa mkononi, ni alama kwamba atayatimiza kwa matendo yale ayafundishayo kwa maneno. Na donge lile linalozungushwa, mara juu, mara chini, ni mafundisho ya Mungu: mara yampandisha mtu kumtazama Mungu, mara yamshusha kumhurumia jirani. Tena akaongeza kwamba faida ya mambo hayo itaonekana mbali, katika nchi nyingine ambako itampasa aende.

IV. Barua ya msichana

Wakati huo jina la Boniface lilikuwa limekwisha kuenea. Kwao aliitwa Winfrid, mmonaki wa Wessex vilevile. Mwaka 718 aliiacha Uingereza moja kwa moja. Mwaka 719 Papa Gregori wa Pili alimtuma kuwahubiria wapagani wa Ujerumani. Mwaka 722 alimweka kuwa askofu. Kazi ilikuwa kubwa na watenda kazi wachache. Kwa hiyo Boniface aliandika barua nyingi kwao Uingereza kuomba sala, watu na vitabu. Karibu mwaka 735 alimwomba mtawa Eadburga amwandikie nyaraka za Mtakatifu Petro kwa herufi za dhahabu, ili watu aliowahubiria wapate kuyaheshimu Maandiko kwa macho yao pia.

Lioba naye alichukua kalamu. Alimkumbusha Boniface urafiki wake na Dynne, ambaye alikuwa amekwisha kufa, na undugu wake na Aebbe, ambaye alikuwa mgonjwa. Alisema yeye ndiye mtoto wao wa pekee, akaomba apate kumhesabu Boniface kuwa kaka yake. Alimpelekea zawadi ndogo. Kisha akamwomba jambo ambalo mwalimu yeyote hufurahi kulisikia: amsahihishie Kilatini chake. Mwishoni akaweka mistari michache ya shairi la Kilatini aliyoitunga mwenyewe, akaeleza kwamba Eadburga ndiye anayemfundisha kazi hiyo.

Ni barua fupi, lakini yatuonyesha mtu mzima. Hakuomba mali wala cheo. Alikuwa amebaki karibu yatima, naye aliomba ndugu na masahihisho.

V. Wito wa kuvuka bahari

Boniface hakuisahau barua ile. Alipokwisha kubatiza watu wengi na kupanga majimbo ya maaskofu, aliona kwamba ubatizo peke yake hautoshi. Mwaka 744 mwanafunzi wake Sturm alianzisha monasteri ya Fulda. Baada ya miaka michache Boniface alimtuma Sturm kwenda Italia, mpaka Monte Cassino, akajifunze vema Kanuni ya Mtakatifu Benedikto kwa ajili ya wamonaki. Na karibu mwaka 748 alipeleka wajumbe kwa Tetta wamwombe Lioba, aje kuwaongoza wanawake. Tetta alisikitika sana kumwacha, lakini hakuthubutu kukataa.

Lioba hakwenda peke yake. Wanawake wengine wa Uingereza walitumika katika misioni ile: Thecla, ndugu yake, anayekumbukwa kuwa abesi wa Kitzingen kwenye mto Main, na Walburga, aliyekuwa abesi wa Heidenheim. Wazee wetu husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hao walikuja kama wageni, bila silaha na bila biashara. Mizigo yao ilikuwa vitabu.

Boniface alimweka Lioba juu ya monasteri ya Bischofsheim kando ya mto Tauber, mahali paitwapo leo Tauberbischofsheim. Huko wakakusanyika wasichana wengi. Wakubwa wa nchi walimpa Mungu binti zao, na wajane wengi wakaacha nyumba zao wakaweka nadhiri.

VI. Shule ya Bischofsheim

Tukiuliza Lioba alifanya nini kwa miaka yote hiyo, jibu ni neno moja: alifundisha. Na kabla ya kufundisha, alijifunza. Isipokuwa wakati wa kusali, wa kula au wa kulala, kitabu hakikutoka mkononi mwake. Alisoma Agano la Kale na Agano Jipya, akashika kwa moyo maagizo ya Mungu. Akasoma maandiko ya Mababa, maamuzi ya mitaguso na sheria za Eklezia. Kazi za mikono hakuzidharau, kwa kuwa Maandiko yanasema atakaye kula afanye kazi.

Alijihadhari asimfundishe mtu neno ambalo yeye mwenyewe halitendi. Hakupenda majivuno, wala hakumbagua mtu. Alikaribisha wageni wote. Hata siku ambazo yeye mwenyewe alifunga, aliwaandalia chakula na kuwaosha miguu kwa mikono yake. Kikombe chake cha kunywea kilikuwa kidogo hata masista wakakipa jina, wakakiita kidogo cha Mpendwa. Kicheko kama hicho ni alama ya nyumba yenye amani. Watu hawamtanii mkubwa wanayemwogopa.

Alikataza kukesha kupita kiasi. Alisema kwamba usingizi ukipungua akili hupungua, hasa kwa kusoma. Kwa hiyo, wakati wa joto, baada ya chakula cha mchana, yeye na masista walipumzika. Alipolala, vijana walikaa kando ya kitanda chake na kumsomea Maandiko Matakatifu kwa zamu. Na hapa Rudolf asimulia ajabu moja ambayo bila shaka wanafunzi wenyewe waliisimulia kwa kucheka: aliyeruka neno, au hata silabi moja, alisahihishwa papo hapo na Lioba aliyedhaniwa amelala. Wengine walikosea makusudi ili wamjaribu. Hawakufaulu hata mara moja.

Sifa yake ikaenea. Kuna barua fupi ya Boniface ambayo ndani yake anampa ruhusa ya kumpokea msichana mmoja amfundishe kwa muda. Neno ni dogo, lakini lina uzito: askofu mkuu, mwenye mashughuli ya nchi nzima, alitoa nafasi kwa habari ya mwanafunzi mmoja.

VII. Jaribu la mtoni

Kazi hii yote ilikaribia kuharibika kwa siku moja. Kwenye mlango wa monasteri alizoea kukaa msichana kilema, maskini, mwenye kuomba. Kila siku alipewa chakula kutoka meza ya abesi, na nguo pia. Msichana huyo alianguka katika dhambi, akapata mimba, akaificha. Alipojifungua, alikifunga kitoto katika nguo, akakitupa usiku mtoni. Asubuhi mwanamke wa kijiji akaenda kuteka maji, akaiona maiti. Alipiga kelele, watu wakakusanyika, na hasira yote ikawaangukia masista. Maneno ya mwanamke yule yalikuwa makali: tazameni hao mabikira, wajifanyao watakatifu, wanaozaa kwa siri na kuwatupa watoto wao majini, nani amekosekana kati yao leo?

Na kweli mmoja alikosekana. Agatha alikuwa amekwenda kwa wazazi wake kwa ajili ya jambo la haja, akiwa na ruhusa. Watu hawakutaka kusikia habari ya ruhusa. Lioba akamwita arudi upesi. Agatha aliposikia mashitaka, alipiga magoti akalia, akamwomba Mungu amwokoe kama alivyomwokoa Susana.

Tufikiri kidogo juu ya hatari hiyo. Watu wa nchi walikuwa wamewatoa binti zao kwa wageni hao. Wakiamini uvumi ule, wangekuja kuwaondoa mmoja mmoja, na shule ingefungwa. Tena neno la Injili lingeitwa uongo.

Lioba hakuingia katika mabishano, wala hakumtafuta mtu wa kumtwika lawama. Aliwaita masista wote kanisani, akawaagiza kusimama na mikono iliyonyoshwa kwa mfano wa msalaba mpaka kila mmoja amalize Zaburi zote. Kisha mara tatu kwa siku, saa tatu, saa sita na saa tisa, wakaizunguka monasteri kwa maandamano, msalaba ukiwatangulia, wakimwomba Mungu awaonyeshe haki yao. Mara ya tatu, watu wote wakiwa wanatazama, Lioba alikwenda mbele ya altare, akanyosha mikono, akaomba kwa machozi. Papo hapo msichana yule wa mlangoni akatetemeka, akaona kama ndimi za moto zimemzunguka, akaliita jina la abesi na kuungama yote mbele ya watu. Watu wakapaza sauti kwa mshangao, masista wakalia kwa furaha.

Sisi tukisoma habari hiyo, tusisahau kumhurumia msichana maskini pia, ambaye hofu yake ilimzidi nguvu. Hata hivyo tushike jambo hili: jina jema la jumuiya lilishambuliwa hadharani, nayo ikajibu hadharani kwa sala na kwa subira. Monasteri ikabaki. Rudolf asema toka siku ile watu wakaipenda zaidi.

Tangu hapo watu walimkimbilia kama mtoto amkimbiliavyo mama. Siku nyumba za kijiji ziliposhikwa na moto, walikuja kwake wakipiga makelele. Aliwaagiza kuteka ndoo ya maji upande wa juu wa mto, akatia ndani yake chumvi iliyobarikiwa na Boniface, akaimwaga tena mtoni, akawaambia wateke maji upande wa chini na kuyamwaga juu ya moto. Moto ukazimika. Siku ya tufani kali, watu waliingia kanisani wakitetemeka. Thecla akamwambia: wewe ndiwe tumaini la watu hawa, inuka. Lioba aliinuka katika sala, akavua joho lake, akafungua milango ya kanisa, akafanya alama ya msalaba juu ya tufani. Kukatulia.

VIII. Usiiache nchi hii

Boniface alipokuwa mzee aliazimia kwenda tena Frisia kuwahubiria wapagani. Alijua kwamba huenda asirudi. Kwanza alimwita Lull, atakayemrithi katika kiti cha Mainz, akamwagiza mambo ya Eklezia. Kisha akamwita Lioba. Alimsihi asiiache nchi hii ya ugeni, asilegee katika kazi aliyoianza, asiutazame udhaifu wa mwili wala asihesabu wingi wa miaka. Akamkabidhi kwa Lull na kwa wazee wa Fulda wamtunze kwa heshima. Akataka kwamba atakapokufa, mifupa yake iwekwe kaburini karibu na mifupa yake Boniface, ili waingojee pamoja siku ya ufufuko, kwa kuwa walimtumikia Kristu kwa nia moja. Mwisho akampa joho lake la kitawa.

Tarehe 5 Juni mwaka 754, karibu na Dokkum, Boniface na wenzake waliuawa. Mwili wake ukaletwa Fulda.

Lioba aliishi baada yake karibu miaka 28. Angaliweza kurudi kwao. Aliyemwita amekufa, wazazi wake hawapo, nguvu zapungua. Akabaki. Mara kwa mara alikwenda Fulda kusali. Wamonaki wa huko hawakuruhusu mwanamke yeyote kuingia, ila yeye tu, kwa ajili ya agizo la Boniface. Aliwaacha masista wenzake katika nyumba ya jirani, akaingia mchana pamoja na mmoja aliye mzee, akasali, akazungumza na ndugu, na kabla ya usiku akatoka.

Mfalme Pipino na wanawe walimheshimu, hasa Charlemagne, na malkia Hildegard alimpenda kama nafsi yake, akatamani akae naye siku zote. Lioba hakupenda makelele ya jumba la mfalme. Maaskofu walikuja kuzungumza naye habari za Maandiko na kanuni za Eklezia, na mara nyingi walimtaka shauri, kwa sababu ya elimu yake na busara yake. Lakini kazi aliyoiweka mbele ya nyingine zote ni ile aliyoianza: kuzunguka katika monasteri za wanawake, kuwatembelea wanafunzi wake na kuwatia moyo.

IX. Mwisho wa safari

Katika uzee wake, kwa shauri la Askofu Lull, aliweka mambo ya monasteri zote katika utaratibu, akahamia Schornsheim, karibu na Mainz, pamoja na masista wachache, akajitoa kwa sala na kufunga. Mara moja tena Hildegard alimwita Aachen. Alikwenda kwa ajili ya urafiki wa zamani, lakini hakukubali kukaa. Alimkumbatia malkia, akambusu kinywani, kwenye paji la uso na machoni, akamwaga kama mtu ajuaye kwamba hawataonana tena duniani. Siku chache baada ya kurudi, akaugua. Akapokea Komunyo ya mwisho mkononi mwa padri Mwingereza, akafa tarehe 28 Septemba, karibu mwaka 782.

Walimchukua Fulda kwa maandamano makubwa. Wamonaki walilikumbuka agizo la Boniface, lakini hawakuthubutu kulifungua kaburi la mfiadini. Wakamzika upande wa kaskazini wa altare ambayo Boniface mwenyewe aliitabaruku. Katika siku za abati Hrabanus masalia yake yalihamishwa kwenye kanisa la Petersberg, juu ya kilima karibu na Fulda.

X. Neno kwa parokia yetu

Rudolf asema neno moja ambalo kwetu ni kubwa kuliko habari ya moto na ya tufani. Asema kwamba wanafunzi wengi wa Lioba waliendelea hata wakawa walimu wa wengine, na kwamba katika nchi ile ilikuwa vigumu kuipata monasteri ya wanawake isiyotaka kuongozwa na mmoja wao. Huo ndio ule uzi wa zambarau. Alianza kuuvuta Tetta, ukapita mikononi mwa Lioba, ukaingia mikononi mwa binti za nchi. Lioba mgeni alipokufa, mafundisho hayakuzikwa pamoja naye.

Eklezia yetu ya Kongo nayo yaijua njia hiyo. Wageni walituletea Injili. Kisha tarehe 21 Julai mwaka 1917 Stefano Kaoze alipewa upadri huko Baudouinville, wa kwanza kati ya wana wa Kongo katika nyakati hizi. Na tarehe 15 Agosti mwaka 1985, mjini Kinshasa, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Sista Anuarite Nengapeta kuwa Mwenye Heri, bikira na mfiadini, binti wa nchi hii, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba mwaka 1964. Uzi umefika mikononi mwetu.

Basi, katika yubile hii, kila mmoja ajiulize ni nani atakayeupokea mkononi mwake. Wazazi, je, binti zetu wamepewa kitabu, ama jembe na mtungi tu? Wakatekista na walimu, je, twawafundisha watoto yale tuyatendayo? Wakubwa wa vikundi, je, siku ya kufa kwetu tutaacha nyuma yetu shukrani, au watu wakukanyaga udongo wa kaburi? Nasi tunaovunjika moyo kwa sababu wale waliotuita kazini wamekwisha kufa au kuondoka, tukumbuke agizo la Boniface: usiiache nchi hii, usiilegeze kazi uliyoianza.

Ee Mungu, uliyempa Lioba mtumishi wako kuvuka bahari na kubaki katika nchi ya ugeni ili awafundishe wadogo, uipe parokia yetu walimu wenye elimu na wenye upendo, nao wadogo wetu moyo wa kusikia na mikono ya kutenda. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Lioba, utuombee.